Rangi ya mashine ya kufulia na draya: kwa nini moja inafura malengelenge na nyingine inabanduka?

#1 BintiKuze
Salaam. Kuna pea ya mashine hapa Mji wa Kale, Mombasa, ya kufulia yenye mlango wa mbele na draya yake. Kwa ndani zote bado nzima, ila sura imekwisha. Zilipigwa msasa, zikapakwa redoksaidi (praima, yaani rangi ya kwanza, ya kuzuia kutu) koti moja, kisha rangi ya mafuta nyeupe ya kung'aa koti mbili kwa brashi. Kusi haijaisha, ya kufulia imefura malengelenge kuanzia chini hadi kama shubiri moja juu, na ukilipasua moja ndani mna maji. Draya haina lengelenge hata moja, lakini rangi inabanduka vipande vizima vizima na chini yake bati ni la kijivu, safi, halina kutu. Fundi mmoja, kopo moja, siku moja. Mbona maradhi mawili? Na zikirudiwa, zirudiwe vipi zitoke kama mpya?

#2 ThinnaTupu
Chumvi. Upande huu wa Makupa huhitaji kutafuta mchawi mwingine. Msasa hautoi chumvi, unaisugua tu ikaingia kwenye vishimo vya kutu. Rangi hupitisha mvuke kidogo kidogo, chumvi iliyojificha chini yake inauvuta, maji yanajikusanya, lengelenge hilo. Baada ya msasa bati lioshwe kwa maji matamu na brashi ngumu mara mbili tatu, likaushwe pale pale, praima siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala usiku mmoja na upepo wa bahari, kazi inaanza upya.

#3 Mzee_Nanga
Thinna, chumvi yako yaeleza ile ya kufulia. Draya yaeleza vipi? Bati la kijivu lisilo na kutu ni bati lenye zinki. Makabati mengi ya mashine hizi ni chuma kilichopakwa zinki kiwandani kabla ya rangi. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki vinageuka aina ya sabuni, na rangi inaachia. Redoksaidi ya dukani nayo kwa kawaida ni ya mafuta, kwa hiyo haikusaidia kitu. Zinki yataka praima ya epoksi, au ile praima ya asidi ya mafundi wa magari.

#4 PimaMaji
Mzee, shikamoo. Hiyo sabuni ya zinki ipo, sikatai, lakini haina haraka hivyo. Rangi ikiachia ndani ya msimu mmoja, tafuta mafuta kwanza. Nguo za draya zina sofna, na watu hupenda kufuta mashine kwa polishi ya silikoni ing'are. Ukipiga msasa kabla ya kuosha mafuta, unayasambaza. Kipimo hakina gharama: mwaga maji safi juu ya bati lililosimama wima. Yakitanda kama shuka moja, bati ni safi. Yakijikusanya matone na kuacha visiwa vikavu, bado kuna mafuta. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji moto, suuza, kisha futa kwa spiriti ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja kikavu cha kuondoa kabla haijakauka. Kitambaa kimoja kinarudisha uchafu ule ule.

#5 BintiKuze
Shukran. Kipande cha draya kwa nyuma ni kikavu, kigumu, kina rangi ya redoksaidi na kinang'aa. Hakinati.

#6 PimaMaji
Kinang'aa! Basi bati lilikuwa laini. Msasa ulipita juu juu, pengine namba 600 au uliokwisha meno. Praima haikupata pa kushika.

#7 Mzee_Nanga
Kikavu hakimtoi zinki hatiani. Sabuni yake si ya kuogea, haiwi utelezi kila mara.

#8 GaniYaSpreyi
Mkibishana sababu, kazi yenyewe ifanywe hivi, itaziba njia zote tatu.

Chomoa umeme, funga mfereji, toa maji yaliyobaki kupitia kichujio cha pampu kule chini mbele (weka beseni na tambara, hutoka zaidi ya unavyodhani). Kifuniko cha juu mara nyingi kina skurubu mbili nyuma: zitoe, kisukume nyuma kama sentimita mbili, kinyanyue. Toa mlango kwenye bawaba, toa droo ya sabuni. Usipake rangi mlango ukiwa mahali pake, mstari wa brashi utaonekana milele na raba itagandana na rangi.

Hiyo rangi ya mafuta yote iondoke. Kuna watu watapaka juu yake 2K (rangi inayochanganywa na hadina ya kuigandisha), na thinna ya 2K itaikunja yote mikunjo mikunjo. Kwangua, kisha msasa 120 penye kutu hadi chuma king'ae, 220 kulainisha kingo za rangi ya kiwandani iliyo imara (hiyo ibaki, ni bora kuliko utakayopaka), 320 mwili mzima. Penye zinki nzima usitumie grainda wala brashi ya waya. Ukiitoa zinki umetoa kinga yenyewe.

Kutu iliyokula mashimo: dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, ipake kwa brashi ndogo penye kutu tu, isubiri kama maelekezo ya chupa, kisha isuuzwe na kukaushwa. Wengi huiacha pale na kupaka epoksi juu. Asidi iliyobaki inazuia epoksi kushika, na hilo nalo huleta malengelenge.

Praima ya epoksi koti mbili, iache usiku kucha, msasa 400 hadi 600 wa maji, rangi ya juu 2K nyeupe. Uwiano kwa kawaida rangi 2, hadina 1, thinna asilimia 10 hadi 20, lakini soma kopo, kila kampuni na lake. Mashine moja ya sentimita 60 kwa 60 kwa 85, ukitoa mgongo na tumbo, ni karibu mita mraba 1.9. Mbili ni 3.8. Kwa gani ya spreyi nusu ya rangi hupotea hewani, na bado lita moja iliyokwisha kuchanganywa inatosha koti mbili kwa zote.

Na barakoa iwe ya vichujio vya mkaa. Hadina ya 2K ina isosayanati, inaharibu mapafu, na kitambaa cha pua hakizuii chochote. Kazi hiyo haifanywi chumbani wala roshani ya majirani.

#9 Kijana_Kongowea
Mashimo makubwa yaliyotoboka je? Bodifila juu ya praima ya asidi inakubali?

#10 GaniYaSpreyi
Haikubali. Asidi inazuia bodifila kukomaa vizuri, inabaki laini na kuinuka. Epoksi kwanza, bodifila juu ya epoksi iliyopigwa msasa, kisha epoksi tena. Hadina ya bodifila asilimia 2 hadi 3 tu, na kwa joto letu una dakika chache kabla haijaganda ubaoni, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Tundu lililopita upande wa pili halizibwi kwa bodifila peke yake, maji yatalisukuma kutoka ndani. Kata kipande cha bati, kigande kwa gundi ya epoksi upande wa ndani, ndipo ujaze nje.

#11 Umeme240
Gani, umesahau athi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wa kijani na manjano umefungwa kwa boliti kwenye bati la kabati, na paneli nyingine hupata athi kwa kugusana kwenye skurubu. Ukipaka epoksi kila mahali, paneli inabaki bila athi. Sehemu hizo zibandikwe tepu kabla ya praima, zibaki chuma tupu, na baada ya kufunga pakwe grisi kidogo zisishike kutu. Kisha pima kwa mita: kutoka pini ya athi ya plagi hadi skurubu ya kila paneli, isome chini ya omu moja. Sakafu yenye maji, miguu mitupu na volti 240, hapo hapana utani.

Pia kapasita ya mota hubaki na umeme baada ya kuchomoa. Usishike nyaya zake.

#12 BintiKuze
Hapa petu ni ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, kompresa haipandi na mashine kushuka ni taabu. Makopo ya spreyi yanafaa?

#13 GaniYaSpreyi
Yanafaa ukikubali kwamba hayatakuwa magumu kama 2K. Chagua epoksi ya vifaa vya nyumbani. Kopo la mililita 400 hutoa koti moja nyepesi kwa mita mraba 1.5 hadi 2. Kwa mashine moja hesabu praima makopo mawili na rangi matatu hadi manne. Umbali sentimita 25, mkono uanze kutembea kabla ya kubonyeza na uachie baada ya kupita ukingo, kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Koti nyepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake. Paneli zilazwe chini ikiwezekana. Kifuniko cha juu, mlango na paneli ya mbele hutoka na huchukulika kwa mkono hadi uani. Mbavu tu ndizo hupakwa papo hapo. Na mashine isiguswe wala kuwekewa kitu juu kwa wiki nzima, hata kama imekauka kwa kidole.

#14 ThinnaTupu
Na saa ya kupaka! Alfajiri Mombasa hewa ni maji matupu. Anza saa nne asubuhi, maliza saa tisa mchana. Rangi ya NC (ya nitroselulosi, inayokauka upesi) ndiyo mbaya zaidi: thinna ikipaa inapoza bati, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, inageuka nyeupe ya ukungu. Kwenye nyeupe huoni, unaona tu haing'ai. Thinna ya polepole hupunguza.

#15 Mwana_Likoni
Nyote mwajisumbua. Stika ya vinaili, mita tatu, kisu na kikaushio cha nywele. Jioni imekwisha, na kama umechoka na nyeupe weka hata marumaru.

#16 MsasaMiaNne
Marumaru ya vinaili kwenye mashine iliyotoboka kutu, hiyo ni kanzu ya Idi juu ya shati lenye jasho 😄

#17 Mwana_Likoni
Cheka, lakini inaoshika na inatoka bila thinna.

#18 GaniYaSpreyi
Kwa bati zima lisilo na kutu sina neno. Penye kutu vinaili huifunika na maji yakaingia ukingoni, hutajua hadi bati liishe. Na draya: ukuta wa mbele kuzunguka mlango, na nyuma panapotoka hewa, hupata moto na gundi ya stika za bei ndogo hulegea, kingo zinajikunja. Kama lazima, kata stika milimita 3 kabla ya ukingo badala ya kuikunja ndani, na usizibe matundu ya hewa.

#19 DobiBondeni
Kabla hamjanunua hata msasa, angalieni kama mashine yastahili. Fungua mlango, shika dramu juu kwa ndani, itikise juu chini. Ikicheza peke yake bila tangi kufuata, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono: ikinguruma, vile vile. Nyuma ya dramu kuna mikono mitatu ya alumini inayoishika na shafti. Sabuni na unyevu huila taratibu, ikivunjika kwenye mzunguko wa mwisho inapasua tangi. Rangi mpya juu ya hiyo ni hasara mara mbili.

Ikiwa nzima, raba ya mlango ndiyo inayotoa sura ya uzee kuliko bati. Ina waya wenye springi kwa mbele: chomeka bisibisi bapa penye springi, uvute, raba inatoka ukingo wa mbele na mkunjo wote unaonekana. Kuvu jeusi huondoka kwa jik iliyochanganywa, sehemu moja kwa nne za maji, tambara lililolowa likae mkunjoni nusu saa, suuza vizuri. Doa lililopenya ndani ya raba halitoki, badilisha raba. Ukinunua mpya peleka namba ya modeli, si picha. Alama iliyopo juu ya raba ikae sawa na alama ya tangi, la sivyo matundu ya kutolea maji yatakaa pembeni na kuvu litarudi.

Kwa waliozoea maji ya kisima: dramu yenye ukoga mweupe, asidi ya sitriki gramu 100 ndani ya dramu tupu, nyuzi 60, mzunguko mrefu. Siki kila wiki hapana, raba haiipendi.

#20 Umeme240
Jik na siki, au jik na sitriki, zisikutane. Hutoa gesi ya klorini. Moja leo, suuza mashine kwa mzunguko mzima, nyingine kesho.

#21 Kijana_Kongowea
Na plastiki ya mbele iliyokuwa nyeupe ikawa ya manjano? Ipakwe spreyi pia?

#22 MsasaMiaNne
Maandishi ya vitufe yatapotea, na thinna huyeyusha plastiki hiyo. Tumia krimu ya peroksaidi ya saluni, ya 40 vol, yaani asilimia 12. Toa paneli, ondoa bodi ya umeme, paka krimu nzito, funika kwa karatasi ya plastiki ya kufungia chakula, anika juani kwa muda wa saa tatu hadi sita ukigeuza kila nusu saa. Ikikauka mahali pamoja inaacha mabaka yasiyoondoka. Glavu, inachoma ngozi.

#23 PimaMaji
Na mwakani itakuwa ya manjano tena. Jua lililosababisha manjano ndilo mnalolitumia kuyaondoa.

#24 MsasaMiaNne
Hurudi ikirudishwa juani. Ikikaa ndani kivulini huenda ikadumu zaidi. Wengine husema ni dawa ya kuzuia moto iliyomo kwenye plastiki ndiyo inayogeuka, si jua peke yake. Ndiyo maana droo ya sabuni na paneli za mashine moja, zilizokaa chumba kimoja, hazifanani manjano.

#25 DobiBondeni
Turudi kwa malengelenge ya Binti, kuna jambo halijasemwa. Kwa nini ni chini tu, shubiri moja? Chumvi ya hewani ingepiga mwili mzima, na juu zaidi kunakokaa vumbi. Ukitia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono kwenye mashine ya mlango wa mbele, povu linazidi, linatoka kwenye droo, linateremka ndani ya paneli ya mbele na kwenye mbavu, linakaa kwenye mkunjo wa bati chini kabisa. Bati limekunjwa mara mbili pale, halikauki. Kutu inaanzia ndani, rangi ya nje inafura tu kutangaza. Ukipaka nje mara kumi bila kuusafisha mkunjo ule, utapaka mara ya kumi na moja. Draya haina povu, ndiyo maana haina malengelenge.

#26 ThinnaTupu
Na sakafu ikipigwa deki na maji ya kisima kila siku, chini kunapata chumvi kuliko juu. Hilo nalo ni shubiri moja.

#27 Mzee_Nanga
Binti, toa paneli ya mbele utwambie mkunjoni mna nini.

#28 BintiKuze
Imetolewa. Mkunjoni mna ganda jeupe la kijivu, gumu, na kutu chini yake. Nje ya mkunjo kuna kutu kidogo tu.

#29 DobiBondeni
Sabuni hiyo! Tia tone la ndimu. Magadi ya sabuni yatatoa mapovu, chumvi ya bahari haitoi.

#30 BintiKuze
Imetoa mapovu, machache.

#31 ThinnaTupu
Maji ya kisima yana chokaa, nayo hutoa mapovu kwa ndimu. Hujathibitisha kitu, dobi.

#32 DobiBondeni
Chokaa ya kisima itapandaje ndani ya paneli?

#33 ThinnaTupu
Inavyopanda ukutani Mji wa Kale. Hujaona kuta?

#34 GaniYaSpreyi
Vyovyote. Mkunjo usafishwe kwa kisu chembamba na maji matamu, upulizwe hewa ukauke, utiwe epoksi nyepesi iingie yenyewe, na ikikomaa upakwe nta ya ndani ya milango ya magari. Matundu ya kutolea maji chini ya kabati yasizibwe. Kisha mashine isikae sakafuni: stendi ya chuma ya sentimita 10 hadi 15 yenye raba miguuni, ipimwe kwa pima maji pande zote mbili, nati za miguu zikazwe. Isiposimama sawa itatembea na kukwaruza rangi yote mpya kwenye ukuta.

#35 Kijana_Kongowea
Na ikishushwa kwa tuktuk kwenda gereji Mwembe Tayari?

#36 Umeme240
Boliti za safari nyuma zirudishwe, tatu au nne kwa kawaida, la sivyo tangi litacheza na kuvunja springi. Isafirishwe imesimama. Zitolewe kabla ya kuwasha tena, asije mtu akawasha mzunguko wa mwisho zikiwa zimefungwa.

Na wakati draya imefunguliwa, toa vumbi la nguo lote chini ya dramu na kuzunguka hita kwa brashi laini. Ndilo linaloshika moto. Bomba la hewa liwe la chuma, si la plastiki.

#37 BintiKuze
Ahsanteni. Ya kufulia nimeelewa. Draya bado: ni zinki, ni mafuta, au ni msasa?

#38 Mzee_Nanga
Zinki.

#39 PimaMaji
Msasa. Na mafuta.

#40 Mwana_Likoni
Ni moto. Bati la draya linatanuka na kusinyaa kila mzunguko, rangi ya mafuta iliyokauka haifuati.

#41 Mzee_Nanga
Bati la nje la draya halifiki moto huo, weka mkono ubavuni uone.

#42 PimaMaji
Binti, kabla hujakwangua iliyobaki: chora kwa wembe mistari sita wima na sita kulala, milimita 2 baina yake, hadi chumani. Bandika tepu ngumu, ikandamize, ivute kwa mpigo. Fanya ubavuni, kisha juu, kisha karibu na mlango kwenye joto. Utupe picha za pahali zote tatu.

#43 Mwana_Likoni
Na ile rangi mpya iwe buluu. Nyeupe mbili pamoja ni hospitali.

#44 BintiKuze
Buluu ya mashua ama buluu ya shule?